SOMO LA MWEZI: KAMBA YA MBUZI NA MIIKO YA KIONGOZI

Soma kwanza: Nehemia sura ya 5, yote. Yafaa somo hili lisomwe na kujadiliwa katika vikundi vya nyumbani.



Kuna msemo unaosikika sana maofisini, sokoni, na hata katika vikao vyetu wenyewe: mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Wausemao huwa wanacheka kidogo. Maana yake ni kwamba kila aliyepewa nafasi ana ruhusa ya kula katika nafasi hiyo, ili mradi asivuke mpaka. Mwenye kamba fupi hula kidogo, mwenye kamba ndefu hula sana, na hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Katika somo letu la mwezi huu tutautazama msemo huo kwa makini, kwa kuwa umesahau jambo moja. Mbuzi hafungi kamba yake mwenyewe, wala haipimi. Binadamu aliyepewa uongozi mara nyingi ndiye mwenye kuipima. Basi swali letu ni hili: mtu ambaye kamba iko mikononi mwake, aipime vipi?

1. KUTAFUTA FAIDA SI DHAMBI

Tuanze kwa kuondoa kosa moja. Wako Wakristo wanaodhani kwamba kutafuta faida ni jambo baya kwa asili yake. Sivyo. Mkulima apandaye mahindi anatazamia kuvuna zaidi ya mbegu aliyoiweka ardhini. Mama auzaye viazi pale Mwanjelwa asipopata faida, watoto wake hawatakwenda shule. Anayefanya kazi kwa jasho lake na kupata zaidi hajamwibia mtu.

Taabu huanza pale mtu mmoja anaposhika vitu viwili kwa pamoja: faida yake, na kipimo cha kugawia wengine. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalifahamu jambo hili kwa gunia la lumbesa. Mkulima anauza viazi kwa gunia, lakini ukubwa wa gunia anaamua mnunuzi, naye hulijaza mpaka linaota kichwa juu. Bei ni ya gunia moja, mzigo ni wa gunia na nusu. Biashara ya kununua viazi ni halali kabisa. Kilichoharibika ni kipimo, kwa sababu mwenye kunufaika ndiye anayepima.

Hali kadhalika kwa uongozi. Mshahara wa kiongozi ni haki yake, na shamba lake ni lake. Lakini anapokuwa na mamlaka ya kuamua nani apate na nani akose, huku naye akiwa mmoja wa wapataji, hapo yuko mahali pa hatari, hata kama ni mtu mwema.

2. NEHEMIA ANAKATAA POSHO

Sasa tutazame somo letu. Nehemia alikuwa liwali wa Yuda chini ya mfalme wa Uajemi. Kulikuwa na njaa. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na wengine walifikia kuwatoa watoto wao utumwani kwa sababu ya madeni. Waliokuwa wakiwadai hawakuwa wageni. Walikuwa wakubwa wa Wayahudi wenyewe, ndugu zao.

Angalia mambo manne katika habari hii.

Kwanza, Nehemia hakujitoa katika lawama. Alipowakemea wakubwa, alisema wazi kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha watu fedha na nafaka, kisha akataka desturi ile ya kutoza iachwe na wote.

Pili, alikuwa na haki ya kula chakula cha liwali. Maliwali waliomtangulia walitoza watu chakula na divai, pamoja na shekeli 40 za fedha. Haukuwa wizi, ilikuwa ndiyo desturi ya cheo. Yeye aliiacha haki hiyo kwa miaka 12, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito.

Tatu, hakununua mashamba. Wakati wa njaa shamba huuzwa kwa bei ya kutupa, na mwenye fedha aweza kujitajirisha kwa halali kabisa. Nehemia aliiona nafasi hiyo akaipita, akaendelea na kazi ya ukuta.

Nne, na jambo hili tusilisahau, Nehemia aliweza kumudu. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme, na meza yake ililisha watu 150. Kila siku alichinjiwa ng'ombe mmoja na kondoo sita. Ni rahisi zaidi kuiacha posho kwa mtu ambaye nyumbani kwake hakuna njaa. Tutalirudia jambo hili baadaye, maana historia ya nchi yetu inatufundisha habari zake.

3. MIIKO YA MWAKA 1967

Nchi yetu ilipata kujaribu jambo linalofanana na lile la Nehemia, tena kwa viongozi wote.

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wapatao 400, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu. Walipinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka watumikie miaka 2, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Bango lao moja lilisema kwamba wakati wa ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha makwao. Wengi walipokelewa tena chuoni mwaka uliofuata.

Lakini siku ile hakuishia kuwaadhibu vijana. Alikiri kwamba mishahara ya wakubwa, pamoja na wake mwenyewe, ilikuwa mikubwa mno kwa nchi ya wakulima maskini, na hapo hapo akautangaza mshahara wake kupunguzwa kwa asilimia 20. Mawaziri na wakubwa wa serikali nao wakapunguziwa. Kijana aliyeambiwa aishi kwa kidogo alimwona mwenye kuyasema hayo akianza na mfuko wake.

Miezi michache baadaye Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa. Watu wengi hukumbuka mabenki na viwanda vilivyotaifishwa. Lakini ndani yake mlikuwa pia na miiko ya uongozi, nayo ilikuwa mifupi na yenye kuhesabika. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi. Asipokee mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo ilimhusu mume na mke pia, na iliwagusa mawaziri, wabunge, wakubwa wa mashirika ya umma na watumishi wa serikali wa ngazi za juu na za kati.

Tuone uzuri wake. Haikusema tu kwamba kiongozi awe mwema, maana neno hilo kila mtu hulipima kwa kipimo chake. Ilisema nyumba ya kupangisha, mshahara wa pili, hisa. Mtu yeyote wa kijijini aliweza kutazama na kujua kama kiongozi wake anaishika au haishiki. Hapo kamba ilikuwa imepimwa hadharani.

4. ALIYEONDOKA WAZI NA ALIYEBAKI AKIFICHA

Miiko hiyo iliwauma wengi. Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza wanawake wa TANU katika kupigania uhuru, alilipinga sharti la nyumba za kupangisha, na mwaka huo huo wa 1967 akaiacha nafasi yake katika uongozi wa juu wa chama. Tusiharakishe kumhukumu. Kwa wanawake wengi wa mijini wakati ule, chumba cha kupangisha ndicho kilichokuwa kinga ya uzeeni, maana hawakuwa na pensheni wala shamba. Hoja hiyo ilikuwa na uzito.

Wengine walitii. Na wengine wakashika njia ya tatu: waliisifu miiko jukwaani, huku nyumba zao zikiandikwa majina ya watoto, ndugu au jamaa. Kodi iliendelea kuja.

Hapa ndipo somo letu linatukata. Tumezoea kudhani kwamba watu ni wa aina mbili, washikao maadili na watafutao faida. Lakini yule asemaye wazi kwamba hawezi kulitimiza sharti, na kwa sababu hiyo akaiacha nafasi, ameiheshimu miiko kuliko yule anayekaa kitini na kuizunguka. Wa kwanza alilipa gharama ya msimamo wake. Wa pili alitaka heshima ya kujinyima pamoja na kodi ya nyumba. Anania na Safira katika Matendo ya Mitume sura ya 5 hawakulazimishwa kutoa fedha zote za shamba lao. Kosa lao lilikuwa kutaka waonekane kwamba wametoa zote.

5. KUMFUNGA MWENZIO KAMBA

Kuna jambo jingine la kujifunza, nalo lilitokea katika nyanda hizi hizi. Huko Ismani, mkoani Iringa, wakulima walikuwa wamefungua mashamba makubwa ya mahindi kwa matrekta tangu miaka ya 1950. Wengine walipata mali, na wengine walikuwa vibarua katika mashamba yale. Serikali ilipotaka vijiji vya ujamaa vianzishwe huko, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alilisimamia jambo hilo kwa nguvu. Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1971, walikutana shambani na mkulima mmoja, Saidi Mwamwindi. Yakatokea majibizano, na Mwamwindi akampiga risasi akafa. Mwamwindi alijipeleka mwenyewe polisi Iringa na mwili wa marehemu, akashtakiwa, akahukumiwa kunyongwa.

Hatulitaji jambo hili ili kumtetea muuaji. Damu ni damu, na Dk. Klerruu alikufa akiwa kazini. Lakini tutofautishe mambo mawili. Miiko ya Arusha ilimwambia kiongozi: wewe uliye na mamlaka, jifunge. Hali ya Ismani ilikuwa nyingine: mwenye mamlaka anamtaka asiye na mamlaka aliache shamba alilolilima kwa mikono yake, kwa ajili ya jambo jema ambalo hakulichagua. Wazo la kushirikiana lilikuwa lile lile. Lakini wazo jema likianza na mfuko wa jirani badala ya mfuko wa mwenye kulisema, huzaa hasira, na hasira haijui mipaka.

Nehemia hakuwataka wakubwa warudishe mashamba huku yeye akiendelea kutoza. Ndiyo maana walimsikia.

6. MIAKA YA UHABA

Je, kwa nini miiko haikudumu? Wengine husema viongozi waliharibika mioyo. Hilo ni kweli kwa sehemu, lakini si habari yote.

Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, bei ya mafuta, na makosa yetu wenyewe katika uzalishaji, vililetea nchi shida kubwa. Wazee wetu wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, magendo na ulanguzi, na msako wa mwaka 1983 uliosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Bei zilipanda miaka hata miaka, na mshahara wa mtumishi ukawa hautoshi kulisha nyumba mpaka mwisho wa mwezi. Mwalimu, mganga na karani wakaanza kufuga kuku, kuuza maandazi, kulima bustani. Kwa kiongozi mdogo, mwiko wa kutokuwa na kipato cha pili ukawa ni kumwambia alale njaa.

Sasa tulikumbuke jambo la nne katika habari ya Nehemia. Yeye alikuwa na meza iliyojaa. Mwiko unaomtaka mtu aache cha pili, huku cha kwanza hakitoshi kuishi, humfundisha kusema uongo. Akishazoea kuficha kuku, kesho ataficha nyumba, na kesho kutwa fedha za umma. Hivyo wale waliokuwa na njaa kweli na wale waliokuwa na tamaa wakajificha chini ya blanketi moja, isijulikane nani ni nani.

Mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, ikaruhusu wanachama wake kuwa na hisa, kupokea zaidi ya mshahara mmoja na kupangisha nyumba. Ruhusa ile ilikuwa na sababu, kwa maana iliondoa unafiki uliokuwa umezoeleka. Lakini haikutofautisha vya kutosha kati ya karani mwenye vyumba viwili vya kupangisha na mkubwa mwenye kuamua nani apewe kiwanda. Kamba ya wote ilifunguliwa kwa pamoja. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayowataka viongozi kutamka mali na madeni yao. Tofauti ni kubwa: mwaka 1967 kiongozi alikatazwa kuwa na baadhi ya mali, tangu 1995 anatakiwa aitaje.

7. VOCHA YA MBOLEA

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni ya wakubwa. Basi tushuke kijijini.

Mwaka 2008 serikali ilianza mpango wa vocha za pembejeo, na mikoa yetu ya Mbeya na Iringa ilikuwa katika mpango huo. Vocha ilimwezesha mkulima kupata mbolea na mbegu za ekari moja kwa kulipa kama nusu ya bei. Kila kijiji kilikuwa na kamati ya vocha, wanaume kwa wanawake, ili kuwachagua wanaostahili. Kamba ikawekwa mikononi mwa majirani.

Watafiti walichunguza vijiji kadhaa mkoani Kilimanjaro, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012. Waliona kwamba kama asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwa viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Huenda kila mmoja alikuwa na sababu yake: na mimi ni mkulima, nina watoto, sikulipwa kwa vikao vyote vile. Sababu hizo si za uongo. Lakini mjane wa mwisho wa kijiji alipanda bila mbolea.

Kumbe hata pasipo kampuni, wala hisa, wala jumba la kupangisha, jambo ni lile lile. Kiongozi ameketi na kalamu na orodha, na jina lake linaweza kuingia katika orodha hiyo.

8. KWETU ILOMBA

Sisi tunaokaa hapa kando ya barabara kuu iendayo Zambia tuna kamba nyingi mikononi. Kuna vikundi vya kuweka na kukopa. Kuna kamati za shule na za maji. Kuna mfuko wa rambirambi, na fedha za ujenzi wa kanisa. Haya manne yatufae:

(a) Tupime kamba kabla ya kula. Kikundi kiandike tangu mwanzo kiongozi apate nini na asipate nini, kwa maneno yenye kuhesabika. Kwa mfano: mweka hazina asikope kabla ya wanachama wengine, au asikope zaidi yao. Maneno kama awe mwaminifu peke yake hayatoshi.

(b) Mwenye kugawa achukue wa mwisho. Kama jina la kiongozi linastahili kuwa katika orodha, liandikwe na wengine, yeye akiwa nje ya kikao.

(c) Fedha zisishikwe na mtu mmoja. Mtume Paulo alipopeleka mchango wa makanisa aliwatuma watu kadhaa pamoja, ili asiwepo wa kulaumu (2 Wakorintho 8:16-21). Kama Mtume alitaka washuhuda, mweka hazina wetu asione anadharauliwa akiombwa kitabu cha hesabu.

(d) Tusimwache kiongozi na njaa. Anayetumwa mjini kwa kazi ya kikundi alipwe nauli yake. Tukitaka mtu atutumikie bure, akitumia nauli na muda wake mwaka hata mwaka, tunamtega. Siku atakapojilipa mwenyewe, tutakuwa tumeshiriki katika kosa lake.

Na kwa yule ambaye sharti limemshinda: mlango uko wazi, na si aibu kuupita. Aseme, nafasi hii siiwezi pamoja na haja za nyumba yangu, akabidhi vitabu vikiwa vimekamilika. Huyo tumshukuru hadharani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nehemia aliacha posho ambayo ilikuwa haki yake. Je, kila kiongozi anapaswa kufanya hivyo? Toeni sababu.

2. Kati ya aliyeiacha nafasi kwa kulikataa sharti, na aliyebaki akilizunguka, ni yupi mngependa awe mweka hazina wenu? Kwa nini?

3. Taja neno moja jema mnalowataka wengine walifanye hapa Ilomba. Je, wanaolisema wameanza nalo nyumbani kwao?

4. Chukueni kikundi kimoja mlichomo. Nani anapima, na nani anapimiwa? Andikeni mwiko mmoja ambao kila mwanachama anaweza kuona kama unashikwa, mkaulete katika kikao kijacho.